Fungua Mdomo

Jumapili, 4 Mei

Mdogo wangu,

Usishtuke kupata barua kama vile tumerudi enzi za babu. Sijafa. Ila sauti yangu siku hizi inakwaruza, ukinipigia simu utadhani umekosea namba ukampata mlinzi wa godauni. Tena shemeji yako hukaa pembeni akaanza kukutafsiria ninachosema, mwishowe mnaongea nyinyi wawili. Bora kalamu.

Lile rovu nililokuwa nikilifunika kwa skafu na kusema ni unene tu, limegoma kufichika. Nikilala chali nakabwa. Nalala nimeegemea mito kama mgeni anayesubiri chai. Juzi daktari mpasuaji wa hospitali yenu kubwa alikuja kliniki yetu, akanibonyezabonyeza shingo, akaitazama eksirei, kisha akavua miwani. Daktari akivua miwani, mdogo wangu, ujue mzaha umekwisha.

Akaniambia: "Mama, kulikata hili ni kazi yangu, nimeizoea. Kazi ngumu ni ya yule atakayekulaza. Rovu limeikandamiza njia ya hewa. Ukishapata usingizi, pumzi yako iko mikononi mwake, na kwako atapitisha mpira wa kupumulia mahali pembamba sana. Usikubali kulazwa na yeyote tu. Tafuta daktari wa usingizi aliyekomaa, umwombe mapema, ndipo mimi nije na kisu changu."

Mimi siku zote nilidhani mpasuaji ndiye bwana harusi, na yule wa sindano ya usingizi ni msindikizaji. Kumbe mambo ni kinyume.

Upasuaji wamenipangia tarehe 10 Juni. Duka lako la fotokopi liko mbele ya lango la hospitali, dunia nzima inapita kwako na makaratasi yake. Niulizie. Nimekupa wewe kazi hii kwa sababu shemeji yako angeuliza kwa adabu mno, naye angejibiwa kwa adabu, tusipate kitu. Barua yako wape watu wa basi la vifurushi, nitaichukua ofisini kwao.

Dada yako

*

Jumamosi, 10 Mei

Dada,

Pole na shingo. Kazi yako nimeifanya kama mbea aliyepewa mshahara.

Kila nesi aliyeingia dukani nilimuuliza swali moja: "Angekuwa mama yako mzazi, ungetaka alazwe na nani?" Ukimuuliza mtu ni nani mzuri, atakutajia rafiki yake. Ukimtajia mama yake, anafikiri kwanza. Nimewauliza manesi, wafagiaji wa chumba cha upasuaji, fundi wa mitungi ya oksijeni, hata mpasuaji mmoja aliyekuja kutoa nakala ya hati ya kiwanja. Wote wamemtaja mtu mmoja: Mama Pole.

Jina lake halisi niliambiwa nikalisahau, maana hakuna anayelitumia. Wanamwita hivyo kwa kuwa hafanyi jambo kwa pupa. Wapasuaji wanamlalamikia kwamba anawachelewesha, lakini wake zao wakijifungua kwa kisu wanampigia simu yeye. Yupo pia daktari mwingine wa usingizi, kijana wanayemwita Chapchap, mchangamfu, viatu vinang'aa, anasema kwake mtu hulala kabla hajamaliza kusema jina lake. Nilipomsifia mbele ya fundi wa oksijeni, fundi alikohoa, akachukua nakala zake akaenda zake.

Basi nimemfuata Mama Pole mwenyewe. Ni mama wa makamo, mfupi, anasikiliza mpaka unamaliza na bado anasubiri kidogo. Amekubali, ila kwa masharti. Haamini makaratasi, anataka akuone ukiwa macho. Atakuuliza maswali mengi, atakushika shingo, atakuambia ufungue mdomo atazame humo ndani. Na uje na ndugu akae pale asikie, kwa sababu anasema wagonjwa husahau maradhi yao wakishamwona daktari.

Ni Alhamisi ijayo. Njoo na shemeji. Mwambie tu asikuite "Mwanya" mbele ya daktari, naona aibu mimi. Watu mna wajukuu na bado anausifia mwanya wako kama ameuona jana!

Mdogo wako

*

Ijumaa, 16 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuondoka jana bila kupita dukani. Basi lilikuwa linaondoka.

Yule mama simtaki. Usiniulize sana. Alinidharau. Aliniambia nifungue mdomo kama mbuzi anayenunuliwa mnadani. Alisema nimenenepa ovyo, na kwamba shingo kama yangu hajaiona hata kwa ng'ombe. Sikulelewa hivyo, na wewe hukulelewa hivyo. Ujuzi bila adabu una faida gani?

Niandikishie kwa yule kijana. Kama anamlaza mtu upesi, ndivyo ninavyotaka, upesi na bila maneno.

Kwa shemeji yako usiligusie jambo hili. Ameumia kuliko mimi, ukimkumbusha utamtonesha.

Dada yako

*

Jumanne, 20 Mei

Dada,

Barua yako niliisoma nimesimama, na sikuketi tena. Nilivuka barabara na aproni ya wino kiunoni, nikamkuta Mama Pole kwenye korido ya wodi ya upasuaji, watu wamejaa kwenye mabenchi. Nilimpa zake. Nilimwambia ng'ombe ni yeye. Nilimwambia dada yangu amewashonea sare nusu ya watoto wa shule wa mji wake, na mtu wa kumwita mbuzi hajazaliwa. Nilimwambia na mengine ambayo mama angekuwa hai angenipaka pilipili mdomoni.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasubiri kidogo kama kawaida yake, kisha akasema: "Sawa, mama. Mwambie dada yako asilale chali." Akaenda zake.

Chapchap amekubali. Nilipomuuliza kama anataka kukuona kwanza, alisema hana shida, mtaonana siku yenyewe. Nilipomwambia habari ya njia ya hewa, alisema, "Usijali, tutapambana." Dada, neno hilo sikulipenda. Na manesi waliokuwa wakiniletea kazi zao sasa wanavuka kwenda duka la pili. Lakini damu ni damu. Umesema humtaki, basi humtaki.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 24 Mei

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa siri, na jambo la kumficha mwenzangu sijalizoea, kwa hiyo utaniwia radhi nikiandika vibaya.

Dada yako anazidi kubanwa. Akipanda ngazi za studio yangu ya picha inabidi asimame katikati ajifanye anatazama picha za ukutani. Ameniambia kwamba Mama Pole amekataa kumhudumia, na kwamba sasa yuko daktari mwingine, kijana. Nakuomba, shemeji, nenda ukampigie magoti yule mama. Kama ni kosa langu, nitakuja mwenyewe kuomba radhi.

Nasema kosa langu kwa sababu nilikuwepo mle chumbani na sikuona kosa lingine. Yule daktari hakusema neno baya hata moja. Alimshika mwenzangu shingo kama mtu anayepima joto la mtoto, akamuuliza habari za pumu, za presha, kama ana meno ya bandia, kama amewahi kupasuliwa. Alipomwambia afungue mdomo, mke wangu akainuka ghafla akasema ana kichefuchefu, tukatoka. Njia nzima ndani ya basi aliufunika mdomo kwa skafu. Tangu siku hiyo hazungumzi nami ila kwa lazima.

Mimi nadhani anaogopa kisu kitamchukulia sauti. Au labda mimi nilikaa vibaya, nilimkera kwa jambo fulani. Wewe ni ndugu yake, muulize.

Shemeji yako

*

Jumatatu, 26 Mei

Dada,

Shemeji ameniandikia. Usimkasirikie. Anasema alikuwepo, na hakuna aliyekuita mbuzi.

Nimemtukana mtu bure, mbele ya wagonjwa wake, kwa ajili yako. Tangu nisome ile barua nikiona koti jeupe linavuka barabara nainama chini ya kaunta kama mwizi wa kuku. Uso umeumbwa na haya, dada, na wangu umekwisha.

Sikuulizi kwa nini ulidanganya. Nakuuliza unaficha nini, kwa sababu tarehe 10 haiko mbali, na huyo kijana niliyekutafutia kwa ghadhabu hajui hata una shingo ya namna gani.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 29 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea bafuni, nimefunga komeo. Mambo yangu yote ya aibu nayafanyia huko.

Kweli, hakunitukana. Aliuliza maswali yake polepole nami nikajibu vizuri mpaka alipofika kwenye meno ya bandia. Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, goti lake limegusa goti langu. Nikasema sina. Akasema, "Basi fungua mdomo." Ndipo nikainuka.

Meno yangu manne ya mbele, ya juu, si yangu. Na mwanya si wangu.

Ulikuwa mtoto, huwezi kukumbuka. Nilikwenda studio kupiga picha ya kitambulisho. Yule kijana nyuma ya kamera akasema jambo la kijinga, nikacheka, akabonyeza. Akaniambia picha ya kucheka hairuhusiwi kwenye kitambulisho, kwa hiyo ile atabaki nayo yeye. Hakukaa sana akaja kuposa, na mbele ya wazee akasema wazi kwamba amekuja kwa ajili ya mwanya ule. Watu walicheka siku hiyo mpaka baba akatoka nje. Na ulikuwa wangu, mdogo wangu, wakati ule ulikuwa wangu kweli. Lakini harusi ikiwa mlangoni niliteleza kwenye ngazi za chuo cha ushonaji nikaangukia mdomo. Mama akatangaza nina malaria kali, mtu asije kunitazama. Akanipeleka kwa fundi wa meno wa mji wa mbali, akampa picha yangu, akasema tengeneza hivi hivi na mwanya wake. Fundi alicheka. Alisema maisha yake yote watu wanamwomba aizibe mianya, leo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa auache.

Nikaolewa na meno yale. Yalipochakaa nikaweka mengine, na mengine tena, kila mara nikisema nakwenda kutafuta vitambaa. Mama amekwenda na siri kaburini. Mimi huamka kabla ya mume wangu na kulala baada yake. Kule studio picha yangu iko dirishani mpaka leo, na mabinti wakija kupigwa picha anawaambia, "Cheka kama yule pale."

Najua utasema watu wamejaa meno ya bandia na hakuna aliyekufa. Kweli. Ningesema mwaka ule ule, tungecheka tukasahau. Sasa si meno tena. Kila aliponisifia nilimjibu ahsante. Mwizi huiba mara moja akakimbia. Mimi nimekaa palepale miaka yote hii nikisema ahsante.

Ndiyo maana namtaka Chapchap. Hajauliza wala hatauliza. Ipo gundi ya meno, nitapaka nyingi, hayatacheza. Usimwambie mtu. Ukimwambia shemeji yako siji kabisa, bora rovu linimalize nikiwa na uso wangu.

Dada yako

*

Jumatatu, 2 Juni

Dada,

Nilicheka, nikalia, kisha nikakasirika mpaka nikaharibu fotokopi za watu. Ndiyo maana wewe ni fundi cherehani pekee duniani asiyeshika pini kwa meno!

Sasa nisikilize. Kiapo chako nimekivunja kwa mtu mmoja, na si shemeji. Nilirudi kwenye ile korido. Nilimtukana kwa sauti, kwa hiyo nikaona niombe radhi kwa sauti. Nilipoanza, Mama Pole akaniambia, "Punguza, wagonjwa wamelala." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akaniingiza chumbani kwake, nikamwambia yote.

Hakushangaa. Alisema: "Nilihisi. Mtu akijibu swali la meno huku kiganja kiko mdomoni, amekwisha kunijibu. Ila siwezi kumfichua mtu mbele ya mume wake. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyetaka ndugu akae ndani, nami sikumtoa nje nilipoona anababaika. Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu siku ile." Dada, mtu uliyemsingizia anajilaumu yeye! Nilikosa pa kuweka macho.

Kisha akanieleza kuhusu gundi yako. Mtu akilazwa, kila kitu mdomoni hulegea. Mate yanaiyeyusha gundi, yeye anapitisha mpira, meno yanang'oka na kuteremka palepale palipobanwa na rovu. Mtu mwenye njia pana huenda akaponea. "Dada yako hana nafasi hiyo," akasema. Mficha maradhi kifo humuumbua, dada, ila wewe kitakuumbua hata kabla hujasema kwaheri.

Amekubali kukuchukua tena. Na ameitafutia siri yako njia. Utaingia ndani na meno yako, umecheka kama picha ya dirishani. Shemeji atabaki kwenye benchi. Ukifika mlango wa ndani utayavua, nesi atayatia kwenye mfuko, na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni kama askari niyapokee. Ukizinduka nakurudishia kabla mume hajaruhusiwa kuingia. Hakuna atakayejua.

Sema ndiyo. Nakuomba kwa jina la mama.

Mdogo wako

*

Ijumaa, 13 Juni

Shemeji,

Umeondoka bila kuniaga. Naona familia yetu sasa imezoea kukimbilia mabasi.

Dada anaendelea vizuri. Mpasuaji mwenyewe amesema rovu lilikuwa limeipinda njia ya hewa kuliko eksirei ilivyoonyesha, na kwamba Mama Pole aliinama pale muda mrefu kabla ya kuinua mkono kuashiria waanze. Angekuwa mwingine, alisema, hata yeye kisu asingekishika. Kidonda kinakauka. Anapumua amelala chali kama mtoto.

Lakini hasemi. Hata neno moja. Kila asubuhi Mama Pole anakuja kitandani: "Mama, niambie chochote, hesabu moja, mbili." Dada anatikisa kichwa, midomo ameibana. Mpasuaji anahofia kisu kimegusa mshipa wa sauti. Mama Pole anahofia ni mpira wake ndio umeharibu kitu. Jana nilimkuta amesimama peke yake dirishani, hana raha.

Mimi najua kwa nini hasemi, na nadhani wewe pia unajua. Mlangoni nilipaswa kusimama mimi. Jirani wa duka akanipigia simu kwamba mashine imemeza cheti halisi cha mteja na mteja anavunja kaunta. Nikasema nitakimbia na kurudi. Niliporudi, nesi alikuwa amekwisha kutoka na kuita "Ndugu wa mgonjwa!" kama anavyoita kila siku kwa kila mgonjwa, nawe ukainuka kwenda kupokea. Hakujua. Ni mimi niliyejua nikaondoka. Dada amenipa roho yake niishike mlangoni, nami nikaenda kuvuta karatasi kwenye mashine. Kumtazama siwezi, wala kumwambia Mama Pole, ambaye anadhani meno nilimrudishia kama tulivyopatana.

Kasema kwa ishara tu: akaonyesha kidole kiti chako kitupu, akageukia ukutani. Anadhani umemwacha. Na hawezi kufungua mdomo, shemeji, kwa sababu cha kufungulia unacho wewe mfukoni.

Mdogo wake

*

Jumapili, 15 Juni

Shemeji yangu,

Sikumwacha. Nilikimbia, na hayo ni mambo mawili, ingawa kwa mtu aliye kitandani yanafanana.

Nilipopewa ule mfuko nilidhani ni pete yake. Nikautia mfuko wa shati. Baadaye, kwa kukaa bure, nikaufungua. Niliutambua mwanya kabla sijaelewa ninashika nini. Hakuna mtu aliyeutazama kuliko mimi.

Shemeji, mimi nala kwa nyuso za watu. Mteja akiingia, kabla hajakaa nimeona jino lisilo lake, namgeuza shingo kidogo taa isilipige. Wote nawasitiri hivyo na hawajui. Na mke wangu ninayeamka naye sikumwona. Nisikudanganye, kwanza nilikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyechekwa sokoni. Nilisubiri atoke salama, nikamtazama amelala, nikapanda basi na hasira yangu.

Basi likiwa njiani nikakumbuka lile swali la daktari. Nikalikumbuka goti langu lililokuwa pale. Ndipo nikaelewa kwamba mwenzangu aliona heri kufa kuliko mimi nione ufizi wake. Alinipima mimi na kisu, akaniogopa mimi. Mtu anamfanyia nini mke mpaka afike hapo, na huku yeye anadhani anamsifia? Kila siku nilimwambia ninachokipenda kwake, na kila siku nikawa namwonyesha atakachokipoteza. Aibu yake ni ndogo, shemeji. Anayestahili kufunika uso ni mimi.

Wewe usijilaumu kwa mlango. Kama ungesimama pale, ningekufa mjinga.

Nakuja Jumanne, nayaleta. Usimwambie, asije akapata siku mbili za kujiandaa kuniogopa.

Shemeji yako

*

Jumapili, 29 Juni

Mdogo wangu,

Tumefika nyumbani salama. Uliniuliza kwenye gari kilichotokea Jumanne ile wewe ukiwa dukani, nikakubinya mkono unyamaze. Shemeji yako alikuwa kiti cha mbele. Sasa yuko studio, nakuambia.

Ila usidhani nimepona kila kitu. Shingo imepona. Hii nyingine bado. Asubuhi bado naamka kabla yake, nimeshikwa na mazoea, nakaa ukingoni mwa kitanda nikijiuliza nimekwenda kuficha nini tena. Nikicheka mkono unakwenda wenyewe. Na nikikumbuka kwamba nilimsingizia yule mama maneno ya mbuzi na ng'ombe, najisikia kuingia chini ya mashine ya cherehani nisitoke. Nilimwomba radhi kabla ya kuondoka. Alisema, "Tumeyamaliza." Mimi sijayamaliza.

Siku ile Mama Pole alikuwa kitandani kwangu kwa lile ombi lake la kila siku. Alikuwa ameketi, jambo ambalo hafanyi, na alisema taratibu: "Mama, kama nimekuumiza, nataka kujua. Nifanyie wema nijue." Nikatikisa kichwa. Akaiangalia mikono yake. Nilijua anachokifikiri na nilinyamaza, ndiyo aibu kubwa kuliko zote, kubwa kuliko ya meno. Nilimwacha mwanamke aliyeishika pumzi yangu aamini kwamba ameniharibu, kwa sababu tu sikutaka wodi ione pengo.

Mume wangu akaingia. Shati la kazini, nywele hajachana. Hakunisalimu. Alitoa ule mfuko, akauweka kwenye kabati dogo karibu na mkono wangu, akasema, "Nimekuletea." Kisha akatugeuzia mgongo, akautazama ukuta, kama anavyofanya studio mteja anapotengeneza nguo zake. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mkono niliunyoosha, mdogo wangu. Niliugusa mfuko. Ningeyavaa, ningesema moja, mbili, daktari angepata raha yake, na mimi na mume wangu tungerudi nyumbani kujifanya hakujatokea kitu. Tungeweza. Sisi ni mabingwa.

Nadhani aliona nachelewa akaelewa kwamba yeye ndiye kizuizi, maana alisema, "Nitasubiri nje," akaanza kutembea kuelekea mlangoni bila kunitazama, mabega yameshuka. Mgongo ule sijawahi kuuona. Niliona kwamba akipita ule mlango atakuwa ananigeuzia mgongo hivyo maisha yetu yote, kwa heshima, na mimi nitamshukuru kwa kila siku atakayofanya hivyo.

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Kaa."

Ilitoka na upepo mwingi, lakini ilikuwa sauti yangu, si ya mlinzi wa godauni, na wodi nzima ikageuka. Mama Pole alifumba macho. Mume wangu alirudi, akasimama mbele yangu, akanitazama palepale mdomoni, hakukwepa. Niliona haya. Sikufunga mdomo. Akavuta kiti, akakaa.

Dada yako